Pipa, Msumari na Kikombe: Namna ya Kupima Maji Yanayochukuliwa na Hewa

Wakati wa ukame kila mkulima hutazama mto, na kila mkulima hutazama mbingu. Maji yanayopungua mtoni huonekana, na mawingu yasiyokuja hujulikana. Lakini yako maji mengine yanayoondoka shambani mwako mchana kutwa, wala huyaoni: ni yale yanayogeuka mvuke na kupanda hewani, mengine kutoka kwenye udongo, mengine kupitia majani ya mimea.

Usidhani ni kitu kidogo. Milimita moja ya maji juu ya ekari moja ni lita 4,000 na zaidi kidogo, yaani mapipa 20 ya lita 200. Mahindi yaliyokwisha kufunika ardhi, katika siku ya jua kali na upepo mkavu, huweza kutoa milimita saba kwa siku moja. Basi hesabu mwenyewe: mapipa 140 kwa ekari, kutoka asubuhi hata jioni, bila mtu kuyaiba na bila mfereji kuvuja.

Jambo hili lakuhusu hasa wewe unayelima katika skimu, kwa sababu mfereji ni mmoja na zamu ni za watu wengi. Ukimwaga maji zaidi ya yale yaliyochukuliwa na hewa, yanayozidi huzama chini kupita mizizi au hukimbilia njiani, na mwenzako wa mwisho wa mfereji hukuta tope. Ukimwaga pungufu, mahindi yako hujikunja wakati wa kutoa mbelewele, na hapo hasara haina dawa. Wengi hukisia kwa kutazama rangi ya udongo juu. Udongo wa juu ni shahidi mbaya: waweza kuwa mweupe na mkavu huku sentimita 20 chini pana unyevu wa kutosha juma zima.

Vitu vinne ndivyo vinavyovuta maji kutoka ardhini: jua, joto la hewa, upepo, na ukavu wa hewa yenyewe. Wakati wa ukame vyote vinne hushirikiana. Mawingu hakuna, kwa hiyo jua hupiga bila kizuizi. Ardhi ya jirani ni tupu, kwa hiyo upepo unaofika kwako umekwisha kupashwa moto njiani. Na hewa ikiwa kavu hunyonya kama kitambaa. Ndiyo maana shamba huhitaji maji mengi zaidi katika majuma yale yale ambayo mto una maji machache zaidi. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022, mvua zilipokuwa haba majira matano mfululizo katika sehemu kubwa za Kenya zilizo kame, wakulima wengi wa mifereji waliona jambo hili kwa macho.

Ramani ya kanda za hali ya hewa na kilimo iliyotolewa na wapima udongo wa Kenya mwaka 1982 ililinganisha mvua ya mwaka na maji ambayo hewa ingeweza kuyachukua kutoka kwenye maji yaliyo wazi. Katika ukanda wa kwanza, ulio mbichi, mvua hupita sehemu nane katika kumi za maji hayo. Katika ukanda wa tano, hewa huweza kuchukua milimita 1,650 hadi 2,300 kwa mwaka, na mvua hulipa robo tu ya deni hilo, au ikizidi sana sehemu nne katika kumi. Mwenye kulima huko bila mfereji hulima kwa bahati.

Chukua mfano wa Perkerra, karibu na Marigat katika Baringo. Skimu ile ilianza kujengwa mwaka 1954, na sifa yake ya kwanza ilikuwa vitunguu. Tangu miaka ya 1990 wakulima wake wamelima sana mahindi ya mbegu. Ardhi tambarare iko, jua liko, watu wa kazi wako. Kilichozuia ni mto, ambao wakati wa kiangazi hauna maji ya kutosha kumwagilia ardhi yote iliyotengwa. Mahali kama hapo, mwenye kujua kiasi gani cha maji kimeondoka tangu zamu iliyopita ana faida kubwa kuliko mwenye jembe jipya.

Kupima mvuke si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1948 mtaalamu Penman wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, alionyesha jinsi ya kuhesabu mvuke kwa kutumia jua, joto, upepo na unyevu wa hewa. Hesabu ile ilikuwa ndefu na ya kuchosha. Mwaka 1965 McCulloch, aliyekuwa mtafiti wa Muguga karibu na Kikuyu, alitoa majedwali ya kuifupisha kwa ajili ya Afrika Mashariki, na mwaka 1968 Woodhead wa kituo hicho hicho akatoa kitabu cha mvuke wa Kenya, kituo kwa kituo. Wewe huhitaji majedwali hayo. Wahitaji kitu kitakachokuonyesha leo hewa imechukua nini, na kitu hicho waweza kukitengeneza kwa mchana mmoja.

Katika vituo vya hali ya hewa hutumia beseni la bati lenye upana wa sentimita 120 na kina cha sentimita 25, lililowekwa juu ya mbao ili hewa ipite chini yake. Maji yakipungua humo, huandikwa yamepungua milimita ngapi. Beseni kama hilo ni ghali kwa mtu mmoja, ingawa si ghali kwa chama kizima cha watumia maji. Nyumbani tumia pipa la chuma la lita 200. Likate ubakize kitako chenye urefu wa sentimita 25. Chagua pipa ambalo halikuwa na dawa ya mimea, na kama lilikuwa na mafuta lisugue kwa sabuni na maji ya moto mara nyingi, maana utando mwembamba wa mafuta juu ya maji huzuia mvuke na utapata hesabu ya uongo.

Sasa chukua msumari mrefu, uusimamishe katika bonge la saruji ncha ikiwa juu, uweke katikati ya pipa. Ncha iwe sentimita tano chini ya ukingo. Weka pipa juu ya vipande vya mbao, mahali pa wazi karibu na mimea yako, mbali na miti na nyumba, na ulisawazishe vizuri. Funika kwa wavu wa waya wenye matundu makubwa, kwani kuku, mbwa na ndege hawatakuuliza ruhusa. Wavu hupunguza mvuke kama sehemu moja katika kumi, lakini ng'ombe mmoja mwenye kiu hupunguza maji zaidi ya hapo.

Jaza maji mpaka uso wake uguse ncha ya msumari tu. Kesho asubuhi, saa tatu, rudi na kikombe cha robo lita, uongeze maji kikombe kwa kikombe mpaka uso uguse ncha tena. Hapa pana bahati nzuri ambayo mwenye kutengeneza mapipa hakuikusudia: pipa la kawaida lina upana wa ndani wa sentimita 57, na kwa upana huo robo lita ni karibu sawasawa na milimita moja. Ukiongeza vikombe tisa, hewa imechukua milimita tisa. Hata mtoto wa darasa la pili ataweza kuhesabu, na mara nyingi mtoto ndiye msomaji mwaminifu kuliko baba.

Mvua ikinyesha, hesabu hubadilika kidogo. Uwe na kipimo cha mvua kando. Ikiwa mvua ilikuwa milimita 12, na asubuhi ukakuta msumari umezama, chota maji kikombe kwa kikombe mpaka ncha ionekane. Ukichota vikombe vinane, basi hewa ilichukua nne, maana 12 ukitoa 8 ni 4. Na kama mvua kubwa imefurika kupita ukingo, acha siku hiyo, andika mstari tu. Hakuna anayemwagilia shamba baada ya mvua kama ile.

Sasa angalia sana hapa, kwa maana ndipo wengi hupotea. Pipa si shamba. Maji yaliyo wazi ndani ya chuma kilichopashwa moto huondoka upesi kuliko maji yaliyo ndani ya mimea. Kwa hiyo chukua sehemu saba katika kumi za hesabu ya pipa. Hicho ndicho kiu cha majani mafupi mabichi yaliyonyweshwa vizuri. Ikiwa pipa lako limezungukwa na ardhi tupu iliyokauka na upepo ni mkali, kama ilivyo katika ukame, chukua sehemu sita tu, kwa sababu upepo ule wa moto hulidanganya pipa. Pipa dogo pia husema zaidi kidogo kuliko beseni kubwa la kituo. Ikiwa kituo kiko karibu, linganisha hesabu zenu kwa majuma mawili na ujue tofauti.

Kisha kila mmea una kiu chake. Mahindi machanga yasiyofunika ardhi hutumia kama sehemu tatu au nne katika kumi za kiu cha majani mafupi, ila udongo ukiloweshwa mara kwa mara hupanda juu ya hapo. Yakikomaa majani na kuanza kutoa mbelewele, hutumia mara moja na sehemu mbili, yaani kuzidisha kwa 1.2. Maharagwe na nyanya zilizofunika ardhi zidisha kwa 1.15. Kabichi na vitunguu vilivyokua, 1.05.

Tuseme una ekari moja ya mahindi yanayotoa mbelewele, udongo wa tifutifu, mizizi imeshuka sentimita 90. Udongo wa tifutifu hushika kama milimita 45 za maji yafaayo mimea katika kila sentimita 30. Mfinyanzi hushika kidogo zaidi. Kichanga hushika kama 20 tu. Kwako basi ni 45 mara tatu, jumla 135. Mahindi huweza kunywa karibu nusu ya akiba hiyo bila kuumia. Weka mpaka wa milimita 60 uwe salama.

Siku uliyomwagilia shamba likajaa, fungua ukurasa mpya katika daftari. Kila asubuhi andika vikombe vya pipa. Tuseme katika juma la Februari umepata 8, 9, 9, 10, 9, 8 na 10. Jumla ni 63. Sehemu saba katika kumi ni 44, na ukizidisha kwa 1.2 ni 53. Deni la shamba ni milimita 53, na mpaka ni 60. Siku ya nane mpaka utafika. Hapo ndipo ufungue maji, si kabla.

Lakini likija juma la mawingu, pipa likawa linapoteza vikombe vitano tu kwa siku, deni la siku saba ni milimita 29. Mwenye kumwagilia kila Jumatatu kwa sababu ni Jumatatu atamwaga 60 juu ya udongo uliohitaji 29. Milimita 31 zilizobaki zitazama chini pamoja na mbolea yake ya chumvi aliyoinunua kwa fedha. Kwa ekari moja hayo ni mapipa zaidi ya 600, na katika mfereji wenye watu arobaini ni maji ya kumnywesha mtu wa mwisho mara kadhaa.

Vitunguu ni habari nyingine. Mizizi yake ni mifupi, sentimita 45 au pungufu, na havivumilii kiu: yafaa kumwagilia ikiondoka theluthi moja tu ya akiba. Kwa udongo ule ule, mpaka wake ni milimita 20 hivi. Katika juma lile la Februari, pipa likipoteza vikombe tisa, kiu cha vitunguu ni karibu milimita saba kwa siku, na mpaka hufika siku ya tatu. Kwa hiyo mwenye vitunguu na mwenye mahindi wakipewa zamu moja ya kila siku saba, mmoja huumia na mwingine hupoteza maji. Kamati nyingi hupanga zamu kwa majina ya watu. Afadhali wapange kwa mimea iliyo shambani.

Baada ya kujua milimita, wataka kujua saa. Milimita 60 juu ya ekari moja ni mita za ujazo 243. Pima nguvu ya maji yako mahali yanapoanguka: yakijaza pipa la lita 200 kwa sekunde 20, ni lita kumi kwa sekunde, au mita za ujazo 36 kwa saa. Kama kila tone lingefika kwenye mizizi, saa saba kasorobo zingetosha. Lakini katika mitaro ya udongo, kama sehemu sita tu katika kumi hufika; ndipo saa saba zikawa saa kumi na moja. Ukisawazisha shamba, ukafupisha mitaro na kuziba matundu ya panya, utapunguza saa hizo bila kuomba maji zaidi kwa mtu yeyote.

Yako maji mengine yaondokayo bila kupita kwenye mmea hata kidogo, nayo ni ya udongo ulio wazi. Udongo ukiloweshwa, hupoteza maji kwa nguvu kama pipa lenyewe mpaka tabaka la juu likauke. Kisha tabaka hilo kavu huwa kama mfuniko, na mvuke hupungua sana. Sasa fikiri juu ya mtu anayenyunyiza kidogo kidogo kila jioni kwenye mistari ya mboga changa. Kila siku anauondoa mfuniko, na sehemu kubwa ya maji yake huenda hewani kabla ya kuonekana na mzizi wowote. Mara chache na kwa kina ni bora, isipokuwa kwa mbegu ambazo bado hazijaota.

Ikiwa huamini, fanya jaribio hili. Chukua makopo mawili yenye upana wa sentimita 15, toboa vitako, yajaze udongo wa shamba lako na uyaloweshe sawasawa. Yakiacha kudondosha maji, ziba matundu kwa nta. Yafukie shambani mpaka ukingo, moja likiwa wazi, jingine likiwa limefunikwa kwa nyasi kavu za unene wa vidole vinne. Kila asubuhi yatoe, yapanguse na kuyapima kwa mizani ya jikoni. Kwa upana huo, kila gramu 18 zilizopungua ni milimita moja. Baada ya siku tano utajua nyasi zako zina thamani gani, nawe utaamua kama ng'ombe azile au ardhi izivae. Katika ukame uamuzi huo si mwepesi, nasi hatuwezi kukuamulia.

Wenye silanga nao watumie pipa hili. Silanga la nusu ekari, siku ambayo pipa limepoteza vikombe tisa, hupoteza milimita sita na kidogo, yaani mapipa 63. Kwa mwezi ni kushuka kwa sentimita 19 bila mtu kuchota. Simika mti wenye alama za sentimita majini. Ukiona silanga limeshuka sentimita 40 kwa mwezi ambao pipa lilisema 19, na yale mliyochota hayafiki tofauti hiyo, basi linavuja chini. Hapo kazi ni kushindilia udongo wa mfinyanzi, wala si kulaumu jua.

Siku hizi mvuke hupimwa hata kutoka angani. Shamba linalotoa maji huwa baridi kuliko shamba lililokauka, na setilaiti huiona tofauti hiyo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa hutoa ramani za namna hiyo kwa Afrika nzima. Ni msaada mkubwa kwa wasimamizi wa skimu na wa mito. Lakini katika picha za joto za setilaiti ya Landsat 8, nukta moja ni mita 100 kwa mita 100, karibu ekari mbili na nusu, na shamba lako la ekari moja humezwa humo pamoja na la jirani. Pipa halijapoteza kazi yake.

Limebaki swali gumu: daftari linasema 60, na zamu yako, kwa sababu mto umepungua, itatoa 40 tu. Usieneze 40 hizo juu ya shamba lote kwa unyonge. Tazama kwanza mahindi yako yamefika wapi. Yale yanayotoa mbelewele na ndevu ndiyo yanayoumizwa zaidi na kiu. Hayo yapewe haki yake yote. Yaliyo machanga huvumilia, na yanayoanza kukauka hayahitaji tena. Ikiwa yote yamefikia mbelewele pamoja, nywesha theluthi mbili za shamba vizuri, theluthi ya tatu uikate ikiwa bado mbichi iwe chakula cha ng'ombe. Ni uchungu, lakini theluthi mbili zenye mavuno ni bora kuliko shamba zima la vigunzi vitupu.

Na kamati ya mfereji ikikubali, pipa moja liwekwe karibu na lango kuu, na ubao mweusi kando yake. Kila asubuhi saa tatu aandikwe mtu wa zamu, vikombe vya leo, na jumla tangu Jumatatu. Mwenye mahindi atasoma, mwenye vitunguu atasoma, na yule wa mwisho wa mfereji atakuja na daftari lake mkononi kuuliza kwa nini lango la mwenzake lingali wazi. Kwa matengenezo ya pipa na hesabu za mimea mingine, muulize Bwana Shamba wa wadi yako. Mwambie aina ya udongo wako na tarehe uliyopanda, kwa sababu bila hayo mawili hawezi kukusaidia.